Petroli Iliyolala: Historia ya Kufufua Kabureta za Pikipiki za Kale

Katika viungo vyote vya pikipiki hakuna kilicho kidogo kwa umbo na kikubwa kwa amri kama kabureta. Kwa kuwa injini, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwaki mpaka kabureta iipe petroli na hewa kwa kipimo kilicho sawa, ambacho kwa uzito ni sehemu moja ya petroli kwa sehemu kati ya 14 na 15 za hewa, na kipimo hicho kikizidi au kikipungua kwa kadiri ndogo mno, injini hukohoa, au hutoa moshi mweusi, au hunyamaza kabisa. Pikipiki ikiwekwa bandani miaka ishirini, tairi zitapasuka, mnyororo utashika kutu, na kiti kitaliwa na panya; lakini mambo hayo huonekana kwa macho na tiba yake yajulikana, hali kabureta, ambayo kwa nje yaweza kuwa ingali inang'aa, ndani huwa imezibwa na mabaki ya petroli iliyoachwa humo siku ya mwisho ilipoendeshwa. Kazi ya kuifungua, kuisafisha, kuirejeshea vipimo vyake na kuifanya ipumue tena ina historia yake, na historia hiyo haijapewa haki inayostahili. Tumezoea kusimulia habari za waliounda pikipiki na za waliozikimbiza katika mashindano, tukawasahau waliozifufua, na tukaisahau petroli yenyewe, ambayo ndiyo hasimu wa kweli katika kisa hiki, maana kila zama ilikuwa na petroli yake, na kila petroli iliacha uchafu wa namna yake.

Kabureta za awali hazikuwa hata na tundu la kuzibwa. Pikipiki ya kwanza kuundwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu, ile ya Hildebrand na Wolfmüller iliyotoka mjini Munich mwaka 1894, ilichanganya petroli na hewa kwa njia nyepesi mno: hewa ilipitishwa juu ya uso wa petroli iliyokuwa ndani ya chombo, ikabeba mvuke uliokuwa ukipanda, ikaingia nao katika silinda. Njia hiyo ilikuwa na taksiri moja kubwa, nayo ni kwamba petroli si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito, na vilivyo vyepesi hutangulia kuruka. Kwa hiyo mwendeshaji aliyetoka nyumbani asubuhi na petroli njema aliweza kujikuta alasiri amebakiwa na masazo mazito yasiyotaka kuwaka, ikambidi ayamwage na kutia petroli nyingine. Jambo hili nalitaja kwa kuwa ndani yake mna asili ya maradhi yote yaliyofuata. Petroli haikai kama ilivyo hata katika safari ya siku moja, seuze katika kiza cha banda kwa miaka ishirini.

Shauri lililo bora lilikwisha kupatikana Ujerumani kabla ya hapo kidogo, mwaka 1893, kwa Wilhelm Maybach, mwandani wa Gottlieb Daimler. Badala ya kuipitisha hewa juu ya petroli, Maybach aliifanya petroli irushwe kwa tundu jembamba katikati ya mkondo wa hewa, na nyuma ya tundu hilo akaweka bakuli dogo lenye boya, ambalo likiinuliwa na petroli huisukuma sindano ikafunga njia, na likishuka huifungua, ili kina cha petroli kisipande wala kisipungue. Boya, sindano na tundu: kutokana na mambo hayo matatu zilizaliwa kabureta zote za pikipiki zilizokuja baadaye, na katika hayo hayo matatu ndimo unamokaa uchafu.

Kwa Waingereza, mji ulioibeba sanaa hii ulikuwa Birmingham, mji wa mafundi wa shaba, bunduki, vifungo na ncha za kalamu, waliozoea tangu enzi za babu zao kutengeneza vitu vidogo vya madini kwa usahihi mkubwa. Huko yalikuwako makampuni ya AMAC na Brown & Barlow, na huko Eccles, karibu na Manchester, alikuwako Charles Binks; na baada ya kushindana kwa muda mrefu, makampuni hayo matatu yaliunganishwa mwaka 1927 yakawa moja, nalo likaitwa Amal, na karakana yake ikawa katika barabara ya Holdford mjini Birmingham. Tangu hapo hadi miaka ya 1960 ilikuwa nadra kuiona pikipiki ya Kiingereza isiyovaa kabureta ya Amal. BSA, Norton, Matchless, Velocette, Royal Enfield na Triumph, ambazo sokoni zilikuwa mahasimu wasiopeana mkono, zote zilikunywa petroli kwa kabureta za karakana moja.

Ubora wa Amal, kwa maoni yangu, ulikuwa zaidi katika uamuzi kuliko katika uvumbuzi, yaani uamuzi wa kuifanya kabureta iwe kitu cha kufunguliwa. Ndani ya mwili wake mlikuwa na kizibo cha duara kilichopanda na kushuka kwa kufuata kebo ya mkononi, na chini ya kizibo hicho ilining'inia sindano ndefu iliyochongoka, ikiingia katika jeti yake, yaani tundu jembamba la kupitishia petroli. Pikipiki ikisimama inanguruma polepole, petroli hupita katika kijia kidogo cha pembeni. Ukianza kuvuta, mkato uliofanywa chini ya kizibo ndio unaoamua hewa iingie kiasi gani. Ukiendelea hadi robo tatu ya mvuto, sindano ndiyo inayotawala. Na ukifungua kabisa, jeti kuu iliyo chini hushika hatamu. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kilipigwa namba na kiliweza kutolewa kwa spana ndogo na kubadilishwa. Namba ya jeti kuu haikuwa alama ya bohari tu, ilikuwa ni kipimo: jeti iliyopigwa 170 ilipimwa kupitisha sentimita za ujazo 170 za petroli kwa dakika. Mkato wa kizibo ulihesabiwa kwa sehemu za 16 za inchi. Sindano ilikatwa mikato midogo juu yake ili iweze kuinuliwa au kushushwa hatua moja. Kwa hiyo fundi wa kijijini aliyekuwa na jedwali la kiwanda mkononi aliweza kuirudisha kabureta katika hali iliyotoka nayo Birmingham, kwa sababu hali hiyo ilikuwa imeandikwa kwa hesabu juu ya vipande vyenyewe. Hii ni dhamana kubwa ambayo muuzaji humpa mnunuzi, na si vyombo vingi vya leo vinavyoitoa.

Umbo lake lilibadilika kwa zama. Hapo mwanzo bakuli la boya lilikuwa chombo mbali, kilichofungwa ubavuni mwa kabureta, na miili ya nyingi katika hizo za kale ilikuwa ya shaba. Kisha ikaja aloi ya zinki, rahisi kumiminwa katika kalibu, ambayo katika siku zake za awali ilipasuka na kuvunjika kwa sababu ya risasi kidogo iliyochanganyika katika zinki isiyo safi, hata wataalamu wa madini walipoweza, katika miaka ya 1920, kuitoa zinki iliyo safi sana. Katikati ya miaka ya 1950 ilitoka Monobloc, ambayo bakuli lake liliungana na mwili kuwa kitu kimoja, na mwaka 1967 ikatoka Concentric, ambayo bakuli lake lilikaa chini kabisa, likiizunguka jeti kuu. Triumph Bonneville, iliyotoka kwa msimu wa 1959 na kupewa jina la uwanda wa chumvi wa Marekani ambako Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph mwaka 1956, ilivaa kabureta mbili, moja kwa kila silinda, na kwa kufanya hivyo ikawaongezea mafundi kazi ambayo haijaisha hadi leo: ya kuvifanya vizibo viwili viinuke kwa wakati mmoja, bila kimoja kukitangulia kingine hata kwa unene wa karatasi.

Sasa tuzitazame sababu za pikipiki kulala, maana watu hudhani kwamba ni uvivu wa wenyewe, na mara nyingi sivyo. Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ya Uingereza ilianza kuigawa petroli kwa vyeti. Julai 1942 posho ya kawaida ya raia ikafutwa kabisa, na asiyekuwa na kazi iliyohesabiwa kuwa ya lazima hakupata hata tone. Maelfu ya pikipiki ziliingizwa mabandani mwaka huo, nyingine zikiwa zimekaushwa vizuri na kupakwa mafuta na wenye hadhari, nyingine zikiwa na petroli yake tangini, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kijana aliyeitwa jeshini na akidhani kwamba atarudi upesi. Wengine hawakurudi. Vita vilipokwisha posho ilirejeshwa, lakini vyeti havikuondolewa hadi Mei 1950. Kisha ukaja msiba wa mfereji wa Suez, na petroli ikagawiwa tena kwa vyeti kuanzia Desemba 1956 hadi Mei 1957. Mwaka 1959 likatoka gari dogo la Mini, na baba wa nyumba aliyekuwa akimpakia mkewe na mtoto katika kigari cha pembeni cha pikipiki, mvua ikiwanyeshea wote watatu, alipata chombo chenye paa kwa bei aliyoimudu, naye akakiegesha chombo chake cha zamani nyuma ya nyumba na kukifunika turubali.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyozitawanya pikipiki za Kiingereza duniani. BSA M20, pikipiki nzito ya sentimita za ujazo 500, isiyokimbia sana wala isiyokataa kazi, ilitengenezwa kwa ajili ya majeshi kiasi cha 126,000, na baada ya 1945 nyingi ziliuzwa kwa raia kwa bei ya bure. Afrika ya Mashariki ilikwisha kuijua pikipiki ya vita kabla ya hapo, kwani mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani lilikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini, nao walikutana na masika ya bara na tope lake. Baadaye, katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, pikipiki za BSA na Triumph zilitumika kwa kazi za serikali na za misheni, na chombo kilichochoka kilikuwa na desturi ya kumaliza umri wake nyuma ya bohari, chini ya mwembe au mkungu, kikingoja kipuri kilichoagizwa kutoka Uingereza kwa meli.

Ni nini basi hutokea ndani ya bakuli katika miaka hiyo ya kungoja? Petroli ya mwanzo ilipatikana kwa kukeneka mafuta ghafi tu, nayo ikiachwa iliruka sehemu zake nyepesi, ikabaki nzito, lakini haikugeuka sana. Mwaka 1913 kampuni ya Standard Oil ya Indiana, kwa ustadi wa William Burton, ilianza kuyavunjavunja mafuta mazito kwa moto na kani ili ipate petroli nyingi zaidi kutokana na pipa lile lile. Dunia ilipata petroli kwa wingi, lakini petroli hiyo ilikuwa na chembe nyingi ambazo hazikutulia, ambazo zikikutana na hewa hushikamana nayo, kisha zikashikamana zenyewe kwa zenyewe, zikawa ulimbo. Na shaba, ambayo ndiyo madini ya jeti, huiharakisha kazi hiyo badala ya kuizuia. Ulimbo huo ukikauka ndani ya bakuli huwa na rangi ya asali iliyoiva na uwazi wa sandarusi, ile sandarusi iliyochimbwa katika bara la Mrima na kupakiwa Unguja kwenda Marekani na Ujerumani kufanywa vanishi ya magari ya farasi. Na harufu yake ni kali, ya uchachu, haisahauliki kwa aliyewahi kuifungua kabureta ya namna hiyo. Wataalamu wa mafuta walianza katika miaka ya 1930 kutia dawa za kuuzuia ulimbo huo, na dawa hizo husaidia kwa miezi, si kwa miaka.

Katika mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika General Motors, aligundua kwamba kampaundi ya risasi ikitiwa katika petroli huituliza injini isigonge, na kwa muda wa zaidi ya nusu karne petroli ya dunia ikawa na sumu ndani yake. Fundi aliyefungua kabureta za enzi hiyo alipata mabaki yaliyotiwa rangi, kwa kuwa petroli yenye risasi ilipakwa rangi ili ijulikane, na unga ambao leo twajua haufai kupulizwa kwa mdomo kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu wa karakana wasioambiwa neno. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, mwaka 2021.

Na sasa ni zamu ya alkoholi. Watu husema kwamba ni jambo jipya, na hawasemi kweli, kwa kuwa Uingereza yenyewe ilikuwa na petroli ya Cleveland Discol, iliyochanganywa na alkoholi, tangu mwaka 1928, na Kenya katika miaka ya 1980 ilichanganya petroli yake na alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa. Lakini tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza imekuwa na alkoholi hadi asilimia 10, na taathira yake katika kabureta za kale ni kubwa. Alkoholi hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani, na yakizidi hujitenga na petroli pamoja nayo, ikashuka chini ya bakuli, ikakaa juu ya zinki tupu, na hapo huota unga mweupe unaokula madini yenyewe na kuacha mashimo. Ulimbo wa petroli ya zamani ulikuwa uchafu ulioweza kuoshwa; unga mweupe ni kidonda, na ukiuosha, palipoliwa hapakui tena. Ndiyo maana nasema kwamba pikipiki iliyolazwa mwaka 1965 yaweza kufufuka kwa urahisi kuliko iliyolazwa juzi.

Fundi anayeijua kazi hii huanza kwa kutofanya jambo: hajaribu kuiwasha pikipiki. Akiipiga teke na petroli mpya ikaingia juu ya ulimbo wa kale, ulimbo hulainika nusu, ukavutwa kutoka bakulini, ambako haukuwa na madhara makubwa, hadi katika vijia ambako hautoki. Huifungua kabureta kutoka katika injini, akavipanga vipande vyake juu ya kitambaa cheupe kwa taratibu ya vilivyotoka, na kabla ya kusafisha chochote huandika namba zote na mkato ambamo sindano ilikuwa imekaa, kwa kuwa vitu hivyo ni ushahidi wa jinsi mwenye pikipiki wa kwanza alivyoiendesha, na ushahidi ukishapotezwa haurudi.

Boya la shaba la kabureta za kale ndilo linalohitaji subira. Likitoboka hunywa petroli likazama, na likizama sindano haifungi, petroli ikafurika hadi chini. Na tundu lenyewe aghalabu halionekani. Fundi hulizamisha boya katika bakuli la maji ya moto, mbali na jiko. Hewa iliyo ndani hutanuka, na mahali palipotoboka hutoa uzi wa mapovu madogo. Hapo hutia alama kwa ncha ya sindano, kisha akalirudia joto hilo tena na tena mpaka petroli iliyomo igeuke mvuke na kutoka yote, maana kulehemu boya lenye mvuke wa petroli ndani ni kuchezea mauti. Baadaye huliziba kwa lehemu ndogo kadiri iwezekanavyo, kwa sababu lehemu ina uzito, na boya zito hukaa chini, na boya likikaa chini kina cha petroli hupanda, na kina kikipanda kabureta nzima hutoa petroli nyingi kuliko ilivyoandikiwa. Tone moja la lehemu lililozidi laweza kuharibu hesabu ya jeti zote.

Katika Concentric mna mtihani wa namna nyingine. Waundaji wake hapo mwanzo waliipa jeti ndogo ya mwendo wa polepole iliyofungwa kwa nyuzi za skrubu. Muda haukupita mwingi, kabureta za injini za mipigo minne zikawa zinatolewa na kibomba kilichoshindiliwa ndani ya mwili wenyewe, kisichotoka, chenye tundu la inchi 0.016, yaani karibu milimita 0.4, nacho kimekaa mwisho wa njia ya skrubu ya hewa, mahali ambapo jicho haliingii. Petroli ikilala, tundu hilo ndilo la kwanza kuzibwa. Pikipiki huwaka, hukimbia vizuri ikifunguliwa, lakini ikirudishwa kwenye mwendo wa polepole huzimika. Na mwenyewe hulaumu plagi, akalaumu koili, akalaumu mpaka vali, akavibadilisha vyote kwa fedha nyingi, hali ugonjwa ni kipande cha ulimbo kisichofika ukubwa wa punje ya haradali. Dawa yake ni kekee nyembamba ya namba 78, inayolingana na tundu hilo kwa upana, ikishikwa kwa vidole au kwa kijiti chembamba, ikipitishwa katika njia ya skrubu ya hewa na kuzungushwa pole pole bila kusukumwa, mpaka vidole visikie kwamba imepita. Kisha hunyunyizwa dawa ya kusafishia kwa mrija, na fundi hutazama ndani ya koo la kabureta, ambako mna vitundu viwili, kimoja mbele ya kizibo na kimoja chini yake. Vikitoa dawa vyote viwili kwa nguvu, njia iko wazi, na kisipotoa kimojawapo kazi hurudiwa tangu mwanzo.

Hapa sina budi kusema neno juu ya waya. Katika karakana zetu kuna mazoea ya kuchomoa uzi mmoja wa chuma katika kebo ya breki na kuusukuma ndani ya jeti iliyoziba, na mara nyingi jeti huzibuka na mteja huenda zake akishukuru. Lakini jeti ni shaba, na chuma ni kigumu kuliko shaba. Kila waya unapopita tundu hupanuka kidogo na kukwaruzika, mpaka jeti iliyopigwa 170 ipitishe 180 huku namba yake ikiendelea kutoa ushahidi wa uongo. Jeti mpya ina bei ndogo kuliko chai ya wiki, na hewa ya pampu pamoja na dawa ya kulainisha ulimbo, ikiachwa ilowe usiku kucha, hufanya kazi hiyo bila dhara.

Hatua zilizobaki ni nyepesi kuzieleza. Uso wa kabureta unaoungana na injini, ambao aghalabu umepinda kwa kukazwa kupita kiasi na watu wenye nguvu, hunyooshwa kwa kusuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo bapa. Gasketi hufanywa mpya. Kizibo kilicholika hubadilishwa, au mwili huchongwa ndani na kuvishwa bomba jipya. Na skrubu ya hewa hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho wake, ndipo injini iwashwe na sikio lichukue kazi iliyobaki.

Kazi hii ilikuwa ya riziki kwanza, na baadaye ndipo ilipokuwa desturi ya watu waliopenda mambo ya kale. Waingereza walianza mapema: tangu mwaka 1930 waliziendesha kutoka London hadi Brighton pikipiki zilizoundwa kabla ya 1915, na mwaka 1946, vyeti vya petroli vikiwa havijaondolewa, C. E. Allen aliwakusanya wenziwe huko Hog's Back katika Surrey, wakaunda chama cha pikipiki za kale, Vintage Motor Cycle Club, kwa ajili ya vyombo vilivyotengenezwa kabla ya 1931. Katika wakati ambapo vyuma chakavu vilikuwa vikiuzwa kwa uzito, watu hao walikwenda mashambani na kununua mabaki, wakakusanya majedwali ya viwanda vilivyokufa, wakapitishiana namba za jeti kwa barua. Bila wao, maarifa ya AMAC na Binks yangezikwa pamoja na mafundi wake.

Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilianguka katika miaka ya 1960 na 1970, na habari hiyo imesimuliwa vya kutosha. Lisilosimuliwa sana ni kwamba kabureta yao haikuanguka navyo. Mwaka 1960 kampuni ya Mikuni ya Japani ilifanya mkataba na Amal wa kutumia ustadi wake, na pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ile zilivaa kabureta iliyokuwa mjukuu wa Birmingham; kutoka Japani ustadi huo ukaenda India, ambako karakana za Chennai zilizitengeneza kwa ushirikiano na Mikuni; na kutoka India ukaja kwetu, ndani ya mamia kwa maelfu ya pikipiki ndogo za bodaboda zinazobeba abiria, mahindi na magunia ya mkaa kutoka Mombasa hadi Bukavu. Kijana anayeifungua kabureta ya bodaboda kando ya barabara ya Morogoro, akaitoa sindano, akautazama mkato wake na kuishusha sindano hatua moja kwa sababu plagi imekuwa nyeusi, anafanya hesabu ile ile iliyofanywa katika barabara ya Holdford, ingawa hakuna aliyemwambia.

Kabureta yenyewe sasa inaondoka njiani. Kawasaki ilitoa mwaka 1980 pikipiki ya kuuzwa iliyopulizia petroli kwa umeme bila kabureta, na sheria za moshi za Ulaya zilizokuja baadaye zimeifanya njia hiyo kuwa ya lazima katika pikipiki mpya za huko. Hata hivyo kabureta za Amal zingali zinatengenezwa, na kampuni ya Burlen iliyo Salisbury, iliyoichukua kazi hiyo mwaka 2003, huwauzia wenye pikipiki za kale kabureta nzima na kila kipande chake, kuanzia zile zenye bakuli mbali hadi Concentric. Katika toleo lao jipya la Concentric kizibo ni cha alumini iliyokomazwa ili kisilike upesi, boya limefanywa liweze kuhimili alkoholi, na ile jeti ndogo ya mwendo wa polepole, iliyoshindiliwa ndani ya mwili kwa miaka mingi na kuwasumbua mafundi wa nchi nyingi, imerudishwa kufungwa kwa nyuzi, na hutolewa kwa bisibisi.